Mke wangu karudi

Niliolewa na miaka 19, nikaachika na 22. Siku niliyopewa talaka nilipanda basi Tanga mjini kurudi Pangani kwa babu na bibi walionilea, begi mapajani. Njia nzima napanga maneno ya kuwaambia.

Sikuyasema. Babu alikuwa barazani anashona wavu. Kuniona tu, akaita mtaa mzima usikie: "Mke wangu karudi! Yule kijana nilimwazima tu!" Bibi akatoka jikoni, mikono imejaa machicha ya nazi. "Njoo mke mwenzangu, zamu yako ya kupika. Nimechoka peke yangu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka kilio kikatokea humo humo, bibi akakilaza kichwa changu kwenye khanga yake inayonuka moshi, wala hakuuliza kitu.

Utani wa babu na mjukuu sisi wa pwani tumekulia humo, lakini sikuwahi kujua unaweza kumbeba mtu. Majirani walinipa pole, nawashukuru, ila kila pole ilinirudisha kwenye msiba. Kwa babu nilikuwa mke mdogo, na mke mdogo ana kazi zake: kumchemshia kahawa na kugombana na mke mkubwa. Usiku nililia, sifichi. Asubuhi nilikuwa na zamu.

Eda ilipokwisha, bibi akanitolea chuma chake cha vitumbua. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa, unatiwa tui, hamira, sukari na iliki, kisha unauacha uumuke. Kazi iko kwenye kugeuza. Ukingo ukiwa bado umeng'ang'ania chuma, ngoja, utaachia wenyewe. Mimi nilikuwa na haraka, kitumbua changu cha kwanza kikachanika vipande viwili. Bibi akakitazama: "Hicho kapeleke kwa mume wetu." Babu akala vyote viwili, akaomba na kahawa.

Sasa ni mwaka wa pili nauza kivukoni, alfajiri, kwa wanaovuka kwenda Bweni. Mwezi uliopita fundi seremala mmoja, mteja wangu, aliuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza babu. "Aje," akasema, "ila ajue anakuja kuposa mke wa mtu." Bibi akadakia kwamba yeye ananiachia hata leo, mradi chuma kibaki.

Fundi sijamjibu. Ila swali lake halikunitisha, na siku ile vitumbua viliisha kabla jua halijapanda.