Daftari la mahudhurio lilivyonipunguzia kodi ya mapato ya kituo

“Usiongeze watoto, kodi itakumeza.” Hivyo ndivyo alivyoniambia dada mmoja mwenye kituo cha kulelea watoto kama changu hapa Mbeya, nami nikamwamini mwaka mzima. Hadi leo inaniuma. Mwaka huo wa 2023 niliwarudisha akina mama watano wanaouza Soko la Mwanjelwa, baridi ya Juni hiyo, watoto mgongoni, wakaenda kuwalaza chini ya meza za nyanya.

Alinishauri pia nisipeleke maandishi yoyote kwenye makadirio ya kodi, eti daftari litanifunga. Nikaenda mikono mitupu. Nilikuwa na watoto 14, kila mmoja 45,000 kwa mwezi, mauzo ya 7,560,000 kwa mwaka. Asiyetunza kumbukumbu, mauzo yake yakiwa kati ya milioni 7 na 11, hulipa 250,000. Nikalipa.

Mwaka uliofuata nikaamua kuandika, na hapo nilihangaika. Kwanza nilitegemea meseji za simu. Hesabu haikutimia, maana wazazi wa sokoni hulipa elfu mbili leo, elfu tano Ijumaa, mkononi, mtoto analia na uji wangu unafurika jikoni. Nikajaribu kuandika jioni kwa kukumbuka. Mwezi haujaisha nikagombana na mzazi kwa elfu kumi ambayo kweli alikuwa ameilipa. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Dawa ilikuwa pale pale mlangoni. Daftari la mahudhurio ninalo tangu nisajili kituo, na ofisa ustawi wa jamii huliulizia kila anapokuja. Nikaliongezea safu mbili tu: alicholipa, anachodaiwa. Mzazi akimleta mtoto anasaini mwenyewe, mahudhurio na pesa mstari mmoja. Asiyeandika anaweka dole gumba, kidau cha wino nilinunua. Ubishi ukaisha siku hiyo hiyo. Ukurasa ukijaa, najumlisha chini kwa kalamu nyekundu.

Nilipolipeleka kwenye makadirio, hesabu ikawa nyingine, ya anayetunza kumbukumbu: 90,000, ukijumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Ikatoka 106,800, awamu nne za 26,700. Awamu ya kwanza mwisho wake Machi, usiiache ikalala.

Usiku ule nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga zamani. Mtoto mmoja wa ziada ananiingizia 540,000 kwa mwaka, na kodi yake ni 16,200. Watoto 20 ni 10,800,000, kodi 204,000. Yaani watoto 20 wenye daftari wana kodi ndogo kuliko 14 wasio na daftari!

Nikanunua magodoro madogo na mablanketi, kama laki tatu na ushee, nikaajiri mlezi wa pili. Kisha nikashuka sokoni kuwatafuta wale watano. Wawili walikwisha kurudi kwao Rungwe. Watatu wamo daftarini, na nafasi ya 20 ameichukua wiki iliyopita mtoto wa mama muuza viazi.