Mlio wa "Shiii" Katika Kaseti za Baba

Baba alituachia kaseti 41 ndani ya sanduku la bati. Nyingi ni za muziki wa dansi aliourekodi redioni enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na miongoni mwake zimo za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi za mji wetu huu wa Tabora. Tangu mwaka jana nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi tulizisikiliza sebuleni kwa redio kaseti bila mtu yeyote kulalamikia kelele, lakini usiku wa kwanza nilipovaa spika za masikioni, mlio wa "shiii" ulisikika nyuma ya magita kana kwamba manyunyu yanaanguka juu ya bati na wanamuziki wamejikinga chini yake.

Mlio huo haukuwa umeongezeka, bali vilikuwa vimeondoka vitu vilivyoufunika. Sebuleni kuna feni, watoto na bodaboda zinazopita nje, na sauti hizo humeza mlio mdogo hata sikio lisiutambue. Ukiziba masikio, kinga hiyo huondoka, nalo sikio la binadamu ni jepesi mno kwa sauti za juu, hasa kati ya hezi 2000 na 5000, yaani mitetemo 2000 hadi 5000 kwa sekunde.

Kabla ya kulaumu kanda, simamisha wimbo bila kugusa sauti, kisha sikiliza zile sekunde chache za mwanzo, kwa sababu simu nyingi huzima amplifaya yao muda mfupi baada ya muziki kukoma. Ikiwa "shiii" inaendelea, basi inatoka kwenye simu au kompyuta yako, na spika za masikioni zinazohitaji nguvu zaidi ya umeme ili zitoe sauti zitaipunguza. Mvumo mzito wa umeme wetu wa hezi 50 ni jambo jingine, na mara nyingi hutoweka ukichomoa chaja.

Mlio wangu ulikoma pamoja na wimbo, kwa hiyo ulikuwa wa kanda. Kanda ya kaseti ina upana wa milimita 3.81 tu, na upana huo hugawanywa katika njia kadhaa za sauti; tena hupita mbele ya hedi, yaani kile kichwa kinachosoma sauti kwenye kanda, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati kanda kubwa za studio huenda sentimita 19 au 38. Sauti hushikwa na chembechembe za sumaku ambazo hazijipangi sawasawa, na kadiri chembe zinazopita mbele ya hedi zinavyokuwa chache, ndivyo vurugu yao inavyosikika zaidi. Kaseti za Baba zina mlio wa tabaka tatu: wa kanda ya studio, wa mawimbi ya redio yaliyosafiri hadi huku, na wa kaseti yenyewe.

Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965, alibuni njia ya kupandisha sauti za juu zilizo hafifu wakati wa kurekodi na kuzishusha wakati wa kusikiliza, na ile ya kaseti za nyumbani hupunguza mlio kwa takriban desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hata hivyo, ukibonyeza kitufe chake kwa kanda ambayo haikurekodiwa hivyo, muziki hufifia. Redio kaseti ya Baba haikuwa na kitufe hicho, nami nakiacha kimezimwa.

Msaada mkubwa niliupata kwa fundi mmoja karibu na soko. Alisafisha hedi kwa pamba na spiriti, kisha akazungusha taratibu skrubu ndogo iliyo kando yake huku tukisikiliza, mpaka matoazi yakasikika makali. Sauti za juu za muziki ziliporudi, sikuwa tena na haja ya kuzipandisha kwenye kompyuta na kupandisha mlio pamoja nazo.

Baada ya hapo ndipo nilipotumia Audacity, programu ya bure ambayo huonyeshwa sekunde chache zenye mlio mtupu, ikaujifunza na kuupunguza katika wimbo mzima. Mara ya kwanza nilipunguza desibeli 24, nikafurahia ukimya ule, nikampa Mama asikilize.

"Mwanangu, mbona wanaimba kama wamo mtungini?"

Alisema kweli. Sauti za waimbaji zilikuwa za majimaji, matoazi yalilia kama wadudu, na manyanga yalikuwa yametoweka kabisa. Hilo la manyanga liliniuma, kwa sababu sauti ya punje zinazotikiswa ndani ya kibuyu ni "shiii" nayo, na programu haina namna ya kujua kwamba ile moja ni uchakavu wa kanda na hii nyingine ni mkono wa mtu aliyeshika mwendo wa bendi nzima. Sasa napunguza desibeli 6, mara chache 9, nami huhifadhi nakala isiyoguswa. Kati ya wimbo na wimbo nauacha mlio uendelee, maana ukimya wa ghafla hushtua sikio kuliko mlio wenyewe.

Zimebaki kaseti 12. Katika moja, kile kipande cha sponji kinachobana kanda kwenye hedi kimedondoka, kwa hiyo muziki umefifia na mlio ndio uliotangulia mbele. Fundi ameniahidi kwamba Jumamosi tutauhamishia mkanda wake kwenye ganda la kaseti nyingine.