Barafu ya ubuyu isiyoisha utamu katikati

Barafu ya kifuko ya maji ya rangi wote tunaijua: unang'ata kona, unafyonza, na ukifika katikati utamu umekwisha, mkononi umebaki na kipande cheupe cha maji yaliyoganda. Ya ubuyu, ikitengenezwa vizuri, haifanyi hivyo.

Maji yanapoganda taratibu huisukuma sukari na rangi nje ya chembe za barafu. Mtoto anafyonza vile vilivyosukumwa, maji yanabaki. Ubuyu una pektini nyingi, ileile inayokaza jemu, na mchanganyiko ukiwa mzito chembe za barafu huwa ndogo na sukari haitoki kirahisi. Ndiyo maana anayebania ubuyu akaongeza maji ili apate vifuko vingi anauza maji ya rangi kwa jina jingine.

Chukua ubuyu mweupe, mkavu, wenye mbegu, vikombe 3. Ule mwekundu umekwishapikwa na sukari na rangi. Ni wa kumung'unya. Loweka kwenye lita 1 ya maji yaliyochemka kisha yakapoa hadi vuguvugu. Usiruke hatua ya kuchemsha, maana friza haiui vijidudu, inavilaza tu. Baada ya nusu saa sugua kwa mkono mpaka mbegu zibaki tupu, kisha chuja. Chujio la chai litaziba kwa nyuzi mara moja, tumia la matundu ya wastani. Unachotafuta ni kama uji mwepesi: chovya kijiko, mgongo wake utoke umefunikwa. Ukiuona mgongo wa kijiko, ongeza ubuyu.

Sasa sukari kikombe 1, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, chumvi kiduchu. Onja. Iwe tamu kuliko juisi ambayo ungeinywa, kwa sababu ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri. Lakini ukifika vikombe 2 itakaza kwa shida, itabaki laini.

Tui zito la nazi, kikombe 1, linaingia mwisho, kila kitu kikiwa kimepoa. Wapo wanaoweka maziwa badala ya tui. Ubuyu ni mchachu, na maziwa yakikutana nao ukiwa na moto hukatika, unabaki na mabonge. Kwangu tui linashinda hata bila sababu hiyo.

Jaza kwa faneli, na koroga jagi kabla ya kila kifuko, la sivyo vya mwanzo vitakuwa vyepesi na vya mwisho tope. Acha vidole vitatu juu: viwili vya fundo, kimoja cha nafasi, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9 na kifuko kilichojaa hadi shingoni hupasuka. Vilaze safu moja kwenye friza, visibebane. Vikirundikwa, vya katikati huganda polepole na chembe zake huwa kubwa. Baada ya saa moja vigeuze, ubuyu usije ukatuama upande mmoja. Muda wa saa 6 hadi 8 unatosha, ila umeme ukikatika katikati na vikayeyuka, vikiganda tena vitakuwa na mchangamchanga mdomoni.

Ikigoma kutoka kwenye kifuko, izungushe kati ya viganja mara mbili tatu kabla ya kung'ata kona.