Kabla hujalipa kodi ya chumba Dodoma, fungua bomba

Mwanafunzi anayehamia Dodoma kutoka Bujumbura, Moroni, Mombasa au hata Unguja huuliza mambo mawili kwanza: chumba kiko umbali gani na chuo, na kodi ni shilingi ngapi. Lipo la tatu ambalo madalali hawalipendi: maji yanatoka siku zipi?

Dodoma ni eneo kame. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, karibu yote kati ya Desemba na mwanzo wa Aprili. Mto wa kudumu hakuna, ziwa la kutegemea hakuna. Kwa miaka mingi mji umenyweshwa na visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 watu wakaongezeka haraka kuliko mabomba, na mgao ukawa sehemu ya maisha. Vyuo navyo hufungua Oktoba au Novemba, miezi ya joto kali kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo mgeni anafika wakati maji ni machache kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka.

Basi ukipelekwa kuona chumba, iwe Ng'ong'ona, Makulu, Iyumbu, Miyuji au Kikuyu, usianze na rangi ya ukuta wala vigae. Fungua bomba. Likikaa kimya, si dhambi, huenda leo si siku ya mtaa huo. Muulize mpangaji unayemkuta anafua (siyo dalali, yeye anataka hela yake ya mwezi mmoja) maji yalitoka lini mara ya mwisho, na saa ngapi. Kama ni saa nane za usiku, jua kwamba utakuwa unaamka kukinga. Kisha tazama tanki. Mtu mmoja anayeoga mara moja kwa ndoo ya lita 20, akapika, akaosha vyombo na kumwaga chooni, hutumia kama lita 45 kwa siku bila kufua. Nyumba yenye watu wanane ni lita 360. Tanki la lita 1,000 haliifikishi nyumba hiyo mwisho wa siku ya tatu, na mgao ukichelewa hadi siku ya tano mtanunua maji ya dumu kwa watu wa mkokoteni, au mchangishane boza, yaani lori la maji.

Angalia pia tanki limekaa wapi. Likiwa juu ya mnara peke yake, maji ya mgao yenye msukumo mdogo hayapandi. Linajaa nusu au halijai kabisa. Mpangilio unaofaa ni tanki la chini linalopokea maji ya bomba, halafu pampu inayoyapandisha. Ila pampu inakula umeme, na hapo ndipo ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, unapoanzia. Ulizia mapema pampu imeunganishwa kwenye mita ya nani.

Tukiwa hapo hapo kwenye LUKU: mita yenye matumizi madogo ya nyumbani, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hununua umeme kwa bei nafuu, kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na tozo. Ikivuka ikahamishiwa kundi la kawaida, uniti moja inakuwa kama shilingi 356. Wapangaji sita wakichangia mita moja wanavuka bila shaka, hata wewe unayewasha taa na kuchaji simu tu utalipa bei ya jirani mwenye jiko la koili. Chumba chenye mita yake kinastahili kodi ya juu kidogo. Kodi ya jengo pia hukatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kubalianeni atakavyoirudisha kabla hamjasaini mkataba wa miezi mitatu au sita.

Siku ya kwanza kabisa, kabla ya pazia na kapeti, nunua diaba lenye mfuniko la lita 100 hivi, ndoo mbili za lita 20, kopo lenye mkono na beseni. Kwa anayeishi hosteli za chuo ndoo mbili zinatosha, ila andika jina. Mfuniko ni lazima: mbu wa dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyosimama ndani ya nyumba.

Sasa chumvi. Maji ya visima vya Dodoma watu huyaita ya chumvi kwa jumla, lakini mara nyingi kinachokusumbua ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesi vilivyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Vinaikamata sabuni ya mche kabla haijatoa povu, ndiyo maana unasugua shati mpaka mikono inauma na bado linabaki na utando wa kijivu. Tumia sabuni ya unga kwa nguo. Ya mche iache kwa soksi. Birika nalo baada ya wiki chache huota ukoko mweupe ndani. Kamulia ndimu tatu kwenye maji yanayofunika ukoko, chemsha, acha nusu saa, suuza. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ikishikwa na ukoko huo joto halitoki vizuri, koili inajiunguza yenyewe; isafishe hivyo hivyo. Na ichomoe kwenye soketi kabla hujatia kidole kwenye maji. Hilo halina mjadala.

Maharage ndiyo huwashangaza wengi. Yanachemka saa tatu na bado yanagonga meno, mtu analaumu duka. Kalsiamu hukaza ganda lisilainike. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na kwa nusu kilo tia magadi robo kijiko cha chai. Ukizidisha, mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Magadi hayo hayo ndiyo wenyeji hutia kwenye mlenda, mboga ambayo watu wa pwani huikunjia uso mwezi wa kwanza kisha wanaitafuta wenyewe sokoni Majengo, ile iliyokaushwa na kusagwa, kwa sababu ni rahisi, haiozi, na inateremsha ugali wa mtama bila nyama.

Kunywa ni habari nyingine. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke chumvi inazidi kukolea. Kama ladha inakushinda, nunua maji ya kunywa ya dumu kubwa na ya bomba uyatumie kupikia. Na maji ya mkokoteni usiyanywe bila kutibu hata yakiwa meupe kama kioo.

Hali ya hewa inahitaji maneno machache tu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai unataka blanketi zito na sweta, na aliyetoka Zanzibar na mashuka mawili atajuta. Hewa ni kavu, upepo una vumbi. Wageni wengi hutokwa damu puani wiki za mwanzo. Paka mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua kabla ya kulala. Ikitoka, kaa, inamisha kichwa mbele na bana pua dakika kumi. Kukilaza nyuma unameza damu tu.

Kama chuo chako ni UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), usimwambie bodaboda "nipeleke UDOM". Eneo ni kubwa mno na ndaki, yaani vyuo vilivyo ndani yake, zimeachana kwa kilomita. Taja ndaki, au utashushwa upande usio wako na begi mkononi. Mwenye vyeti vya nje awe amepata ulinganifu wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa vya sekondari mapema, na kibali cha ukaazi daraja C aulizie ofisi ya udahili wiki ile ile anayofika. Ukishahamia, nenda na nakala ya pasipoti ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua yake utaihitaji siku usiyoitarajia. Salamu ni shikamoo, na ukimkuta bibi wa Kigogo, kabila la wenyeji wa hapa, ukamsalimia kwa lugha yao "mbukwa", atakuuliza wewe mtoto wa nani.

Mvua ikianza Desemba, iache ya kwanza ioshe bati; maji yake ni vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Ya pili, tega diaba chini ya mchirizi. Maji hayo ni laini: yanatoa povu, yanaivisha maharage bila magadi, na chai yake haina utando juu. Yafunike.