Damu ya mama na goti jipya

Mama alipoambiwa goti lake la kulia limekwisha na inabidi awekewe la bandia, hofu yake ilikuwa damu. Mjomba akaanza kuwapigia simu vijana wa ukoo wajiandae kuchangia. Daktari yeye akaangalia kipimo: hemoglobini, yaani kiwango cha damu, 10.6, na kwa mwanamke inatakiwa isipungue 12. Akasogeza tarehe mbele na kuandika vidonge vya madini ya chuma. Anayeingia kupasuliwa akiwa na damu pungufu, alisema, ndiye huyo mara nyingi huishia kuongezewa.

Kazi ilikuwa chai. Mama hamezi kidonge bila chai ya rangi, na chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Tulivutana wee, mwisho akakubali kumezea juisi ya chungwa, chai baadaye. Shangazi alileta rozela ndoo nzima. Tulikunywa wote, tamu kweli, ila sifa za kuongeza damu navipa vidonge.

Siku yenyewe alichomwa asidi ya traneksamiki kwenye mshipa. Dawa hii ni kazi ya Utako Okamoto na mumewe, huko Japani, miaka ya 1960. Inazuia damu iliyokwisha kuganda kwenye jeraha isiyeyuke mapema. Hata kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua hupewa hiyo hiyo.

Bandeji ilikuwa na doa dogo tu. Sista akanitahadharisha: damu nyingi ya goti haitoki nje, inajificha ndani ya nyama, ndiyo maana kipimo huendelea kushuka siku mbili tatu. Cha mama kilifika 9.1. Mjomba akataka aongezewe. Daktari akasema kwa kawaida husubiri ishuke chini ya 8, au mgonjwa aonyeshe dalili: kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kifua kuuma. Mama wakati huo alikuwa anagombeza watu kwamba uji hauna sukari.

Nyumbani mguu ulivilia damu hadi kifundoni, zambarau kisha manjano. Tulimkanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kanga, mto chini ya kisigino, si chini ya goti. Dawa ya kuzuia damu kuganda mishipani hakuiacha, na diklofenaki ya dukani, dawa ya maumivu inayoweza kuzidisha kuvuja damu, tulimkatalia. Bandeji ikilowa upya au goti likivimba ghafla, rudini hospitali. Choo kikiwa cheusi, kumbukeni vidonge vya chuma hukitia weusi. Ila kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vibaya, hiyo ni damu, msingoje kesho.