Uzi wa nyuma: siku yangu na mavini ya kwanza

Saa 11:30 alfajiri. Kayole bado ni giza, na baridi ya Julai imepenya mablanketi mawili. Mwanangu wa miaka 5 amelala kichwa amekifunika kwa fulana yangu. Ndiyo maana najifunza kufuma: nataka aende shule amevaa mavini, yaani kofia ya baridi, niliyomfumia mwenyewe. Chai nainywa nimesimama. Mkobani natia sindano ya kroshia ya milimita 5, donge la uzi wa kijivu na pini 2.

Saa 12:15. Matatu imekwama Jogoo Road, kabla ya City Stadium. Ikitambaa hivi huwa nafuma cheni, ule mnyororo wa vitanzi vya kuanzia, maana cheni mkono unaijua hata macho yakiwa dirishani. Leo nahitaji 11: 10 za mishono na 1 ya kugeuzia.

Saa 2:00. Nafungua kibanda cha M-Pesa ninachofanyia kazi karibu na Muthurwa, nahesabu floti, naandika daftarini. Wateja wa saa hizi ni wachuuzi wanaotuma pesa za mzigo, na hao hawasubiri.

Saa 4:20. Kumetulia. Shosho wa kibanda jirani, anayeuza vifungo, zipu na nyuzi, anasogeza kigoda chake.

“Lete nione ya jana.”

Ya jana iliharibika. Aliniambia nifume mshono uitwao dabo, nami nikafuata dabo ya video ya Kimarekani; kitambaa kikatoka na matundu, vidole vinapita. Kumbe shosho alijifunza kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, na kule kinachoitwa dabo ndicho Wamarekani wanachokiita singo. Mshono ule ule, majina mawili.

“Wachana na majina, mami. Tazama mkono.”

Ukiutazama mshono kwa juu, utaona nyuzi mbili zimelala kama herufi V: mmoja upande wako, mwingine nyuma. Mpaka leo nilikuwa napitisha sindano chini ya zote mbili, kama kila anayeanza. Shosho aliinamisha ncha, akauruka wa mbele bila kuugusa, akachoma chini ya wa nyuma peke yake. Akavuta uzi, vitanzi viwili vikawa sindanoni; akavuta tena, kikabaki kimoja. Hakuna kingine kilichobadilika. Lakini ule uzi wa mbele ulioachwa hubaki juu ya kitambaa kama mstari, na baada ya safu chache nikaona matuta yakiinuka, mfano wa yale ya mikono ya sweta ya shule. Nikakivuta kitambaa, kikanyumbuka. Nikakiachia, kikarudi. Nilikivuta tena na tena mpaka mteja akagonga dirisha.

Saa 7:00. Chapati madondo, haraka.

Saa 8:10. Utepe wa ukingo wa mavini umeanza kupungua upana. Nahesabu: mishono 8 badala ya 10. Kosa liko pembeni. Ukifuma kwa uzi wa nyuma, mshono wa mwisho wa safu hujikunja, ule uzi wake ukajificha, nawe ukageuza ukidhani umemaliza. Nimefumua safu 6, na kufumua kunauma. Shosho amechoma pini kwenye mshono wa kwanza na nyingine kwenye wa mwisho. Kila safu ninazihamisha. Wewe unayeanza kama mimi, nakusihi: hesabu kabla ya kugeuza.

Saa 10:00 hadi saa 12:30 jioni. Foleni. Sindano haikutoka mkobani.

Saa 3:00 usiku. Nyumbani. Mtoto ameshalala, nami nimefika safu ya 30. Utepe huu unafumwa kwa upande, kisha unageuzwa ili matuta yasimame wima na kunyumbukia upande wa kuzunguka kichwa. Kichwa chake kina sentimita 50, na shosho amesema utepe uwe 46 ili ubane. Nina kama 17. Nauweka taratibu kwenye paji lake la uso. Haujafika sikio hadi sikio. Anageuka, anaushika kwa mkono, haamki.

Nauchomoa polepole na kuchoma pini kwenye mshono wa mwisho, nisije nikaupoteza asubuhi.