Ufunguo mfukoni

Mwaka 2014 nilikuwa na kiprogramu nilichokiandika kwa lugha ya C, kinapokea SMS za maduka yanayoagiza mzigo kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla Kariakoo. Modemu ilichomekwa kwenye kompyuta kuukuu chini ya kaunta, katikati ya maboksi ya sabuni. Miezi miwili kikapiga kazi, nami nikawa natembea kifua mbele.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Saa tatu mwenye duka akanipigia: "Kijana, leo hata oda moja haijaingia." Nilipofika nikakuta programu iko hai. Haijaanguka, haijaandika kosa jipya, prosesa haiigusi. Imekaa tu. Nikaizima, nikaiwasha, SMS zikamiminika. Nikamwambia ni mtandao. Mafundi tuna huo uongo wetu.

Wiki iliyofuata ikajirudia. Safari hii sikuizima. Nikampigia dada mmoja aliyenitangulia kazini, akaniambia niichungulie kwa gdb, zana ya kutazama ndani ya programu inayoendelea, nione imesimama wapi. Ilikuwa kwenye pthread_mutex_lock, amri ya kushika kufuli ili sehemu mbili za programu zisiishike modemu kwa pamoja; inasubiri kufuli hiyo iachiwe. Nani kaishika? Thredi ya kutuma majibu, yaani mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu, ilikuwa hata haijaanzishwa. Programu ilikuwa inajisubiri yenyewe.

Umeme uliporudi, kompyuta iliwahi kuwaka kabla modemu haijapata mtandao. Funksheni yangu ya kuanzisha ilishika kufuli, ikaiuliza modemu AT+CREG?, yaani umeshapata mtandao, ikajibiwa 0,2, yaani bado inatafuta, ikatoka zake kwa return -1, ishara ya kushindwa. Mstari wa kuachia kufuli ulikuwa chini kabisa, ambako hufiki ila mambo yakienda sawa. Sekunde 10 baadaye ikajaribu tena, ikakuta kumefungwa. Mezani kwangu modemu ilikuwa na mtandao saa zote, ningeliona wapi?

Dada akacheka. "Umewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, mdogo wangu? Wewe ndiye yule anayechukua ufunguo, akikuta hakuna maji anaondoka nao mfukoni hadi kazini."

Kila kosa nikalirusha kwa goto, amri ya kuruka hadi mstari mwingine, ile tuliyoambiwa chuoni ni haramu, hadi mwisho wa funksheni: hapo modemu inafungwa kwanza, kisha kufuli inaachiwa. Nikachomoa antena, nikawasha. Jaribio la kwanza likashindwa. La pili likashindwa. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile. Nikarudisha antena, la tano likapita.

Usiku nikapitia mafaili mengine yote, nikakuta kosa lilelile sehemu mbili zaidi. Dada nilimwambia moja.